Fundi wa waifai aliyetuhesabu sote kama wezi (nyota 4 kati ya 5)

Wacha nianze na ile mtaniuliza kwanza: ndio, 31,500 ilitoka, vifaa pamoja na kazi, na ndio, iliniuma. Ploti ni ya mama yangu, iko huku Migosi Kisumu, orofa tatu, bedsita 16, na mimi ndio nasimamia tangu magoti yake yakatae ngazi. Waifai iko ndani ya kodi, kila chumba kinaongeza 400 kwa mwezi, laini yenyewe ni ya Mbps 40, na kwa miaka miwili hivi nilikuwa naona hii ndio biashara rahisi kuliko zote, unalipa laini, unagawa paswedi, unaenda kulala.

Kumbe.

Mpango wa kwanza tuliwekewa na kijana mwingine, simtaji. Alifunga rauta moja kwa kile kistoo chini ya ngazi, akaweka kisanduku cha waifai kila orofa, akavuta kebo kwa vyumba sita vilivyoomba, paswedi moja ya watu wote, akachukua pesa yake akaenda. Hiyo paswedi ilijulikana na wapangaji, wageni wa wapangaji, mabinamu wa wageni, na vijana wa boda pale steji ambao nilikuwa najiuliza mbona wanapenda sana kuegesha karibu na ukuta wetu. Kila mwisho wa mwezi nabadilisha, natembea mlango kwa mlango na karatasi, jioni yake tayari steji wanayo. Mtu anahama na deni la kodi la miezi miwili na bado unampata hapo nje anatazama mpira kwa laini yako. Yule fundi wa kwanza aliniambia dawa ni kuzuia simu ya mtu kwa ile namba inayojitambulisha nayo kwa waifai, basi nikawa nakaa nikizuia namba kama trafiki wa barabarani, nazuia leo kesho ameingia. Nimekuja kuelezwa baadaye kwamba simu za siku hizi zinajitungia hiyo namba zenyewe, Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, iPhone tangu iOS 14 mwaka uliofuata, mtu akigusa kitu kidogo kwa setingi anaonekana kama simu ingine kabisa. Nilikuwa nafukuza kivuli.

Mwezi wa tatu ndio mambo yaliharibika vizuri. Simu inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Leo ni namba 2, kesho ni namba 13, kesho kutwa namba 2 ako sawa lakini namba 7 analia, na hakuna mpangilio wowote wa kueleweka, ukizima simu ukawasha wakati mwingine inakubali wakati mwingine inakataa. Halafu jioni, kama kuanzia saa mbili, watu wengine wanabaki na mtandao wa kutambaa wakati rauta yenyewe inaonyesha laini haijajaa. Wenye laini walikuja mara mbili wakapima, laini yao ilikuwa safi, nikawapa soda wakaenda.

Hapa nakiri dhambi yangu. Namba 11 anakaa kijana mmoja anasomea kompyuta, ako na laptopu imejaa stika, analala saa tisa usiku, na mimi kichwani nikaona kesi imeisha. Nilimwita nje jioni moja, mama wa namba 4 akiwa hapo anaanua nguo, nikamwambia kama ni wewe unatuchezea mtandao uache leo ama utafute chumba. Hakujibu kitu. Aliniangalia tu akarudi ndani, na mimi nikachukua huko kunyamaza kama ushahidi.

Ndio sasa tufike kwa fundi. Jina la biashara yake siweki hapa, na sababu ni ya ubinafsi kabisa, ako peke yake, ako na boda ya kukopa na begi moja la vifaa, mkimpigia nyote mimi nitakaa wiki tatu bila mtu. Kiduka chake kiko upande wa Kondele, mwenye anamtaka kweli atamuuliza mwenye duka la simu yeyote pale ataonyeshwa. Aliahidi Jumamosi saa tatu asubuhi. Alikuja Jumanne saa kumi na moja jioni. Hapo tayari nyota moja ilishaanguka na sijairudisha.

Lakini akikaa kazini anakaa. Hakuuliza paswedi, hakuuliza nani anashukiwa, alikaa kwa ngazi ya orofa ya kwanza na laptopu juu ya magoti, akachomeka kebo, na kabla chai haijaiva akaniita. "Sista, nyumba hii ina watu wawili wanagawa anwani."

Nikamwambia anieleze kama anaelezea mama. Akasema hivi: simu yako ikiingia kwa mtandao haijui iko wapi, inapiga kelele, jamani mimi ni mgeni nipeni anwani na mnionyeshe mlango wa kutokea. Yeyote anayejibu kwanza simu inamwamini. Haiulizi kitambulisho. Kwa kawaida anayejibu ni rauta tu kwa sababu ni yeye peke yake amepewa hiyo kazi, lakini hapa kulikuwa na sauti ya pili, na hiyo ya pili ilikuwa inaonyesha watu mlango ambao nyuma yake kuna ukuta. Ukijibiwa na wa kwanza unaenda vizuri, ukijibiwa na wa pili umeunganishwa lakini hakuna intaneti. Ndio maana ilikuwa kama bahati nasibu.

Tukafuata kebo. Namba 2, hapana. Namba 6, hapana. Namba 9, mzee amestaafu juzi akaja kukaa karibu na watoto wake, mtu mpole, hulipa kodi tarehe 30 kabla hata mwezi haujaisha. Tukabisha, akatukaribisha, na hapo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani, kulikuwa na rauta kuukuu aliyokuja nayo kutoka nyumba yake ya Nakuru. Ameichomeka kwa kebo ya ukutani, tena kwa tundu lisilo lake. Akatueleza bila wasiwasi wowote kwamba aliona akiongeza rauta ya pili ploti nzima itapata nguvu, kama mtu ameongeza tangi la maji. Alitaka kutusaidia! Nilitamani ngazi zinimeze nikikumbuka yule kijana na mama wa namba 4 na nguo.

Nikasema basi tumemaliza, tuitoe hiyo twende. Fundi akasema bado. Ile ya jioni ni ingine. Akasubiri hadi saa mbili na nusu, akala ugali na omena hapo kwetu, akafungua laptopu tena, akaniambia sasa angalia, kuna mtu anadanganya simu za wenzake. Hii inafanyika kwa apu, mtoto wa shule anaweza. Unakumbuka simu inaamini yeyote anayejibu? Basi huyu anatangaza kwa kila mtu kwamba rauta ni yeye, na anaiambia rauta kwamba wale watu wote ni yeye, ni kama jamaa amesimama katikati ya matatu anakusanya nauli anasema mimi ndio konda, halafu pesa anazopenda anapeleka kwa dereva na zingine anatupa dirishani. Anayemtaka anamwachia mtandao, asiyemtaka anamkaba, na yeye mwenyewe anabaki na laini yote. Hii tabia ya kuamini kila anayejibu imeandikwa kwa kanuni tangu 1982, wakati mitandao ilikuwa ya watu wachache wa vyuo vikuu wanaofahamiana, haikuwa bedsita 16 za watu waliokutana juzi.

"Ni nani?" nikauliza, na hapo ndio huyu fundi alinishinda. Alikataa kuniambia. Akafunga laptopu. "Nikikuambia utamfukuza, sista, halafu mwezi ujao utampa chumba mwingine kama yeye na utaniita tena. Wacha nipange vile hata akikaa hapo miaka kumi hakuna kitu atafanya." Nikakasirika kidogo maana pesa ni yangu, lakini akaendelea kwa ile sauti yake ya upole. Mzee wa namba 9 na huyu mwingine, mmoja ana roho nzuri na mmoja sijui, lakini ukiangalia kebo huwezi kuona roho ya mtu, unaona majibu ya uongo tu. Kwa hivyo ukijenga mtandao unaodhani watu ni wazuri utavunjwa na mbaya, na ukijenga wa kuwinda wabaya utavunjwa na mzee na tangi lake la maji. Jenga kama wote ni waongo.

Alinipa hata hadithi yake, nimeenda kuhakikisha mwenyewe na ni ya kweli. Mwaka 1982 Leslie Lamport, Robert Shostak na Marshall Pease, kule SRI, taasisi ya utafiti ya California, waliandika juu ya majenerali wa Bizanti, ile milki ya zamani, waliozingira mji, wanatumiana wajumbe waamue kushambulia ama kurudi, na kati yao kuna wasaliti wanaoambia huyu hivi na yule vile. Hawakuwa wanawaza vita, walikuwa wanatafuta vile kompyuta kadhaa zitakubaliana hata kama moja imeharibika na inasema mambo ya ajabu, kazi iliyoanzia kwa kompyuta za kuongoza ndege. Hesabu yao inasema kwa maneno matupu bila sahihi isiyoweza kughushiwa, msaliti mmoja anahitaji angalau majenerali wanne ndio waaminifu waelewane, wasaliti wawili wanahitaji saba, mara tatu na mmoja juu. Watatu wakiwa na msaliti mmoja haiwezekani, hata ufanye nini. Na kwa hiyo hesabu msaliti na aliyeharibika ni kitu kimoja. Hakuna mahali unaulizwa nia yake. Mimi nikiwa nimeketi hapo na mabaki ya omena nikaona huyu jamaa hajaja kunifungia waifai tu.

Mama yangu, ambaye hajawahi kugusa laptopu, alielewa kabla yangu. Alisema tu, "Kwani si kama kisanduku cha chama." Mnaojua vyama vya akina mama huku mnajua kile kisanduku cha chuma cha kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na yule anayekaa na kisanduku nyumbani si mmoja wa wale wenye funguo. Hakuna anayetukanwa hapo. Mweka hazina anaweza kuwa dada wa kanisa na bado hapewi funguo zote, na yeye mwenyewe hataki apewe, maana pesa ikipotea siku moja hakuna atakayemwangalia vibaya.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Nieleze vile naelewa.

Kwanza alitoa ile rauta yetu ya kistoo akaweka ya MikroTik, hii kampuni ya Latvia ambayo ukiingia kwa wauza intaneti wengi wadogo Kenya hii utaipata imening'inia. Akaisasisha kabla hata ya kuifunga, na akafunga mlango wa kuisimamia vile kwamba hakuna mtu kwa waifai wala kutoka nje anaweza hata kuona ukurasa wa kuingilia, lazima uende na kebo kwa tundu moja ndani ya kabati. Nikamuuliza mbona taabu zote hizo. Akanikumbusha 2018, kulipatikana kasoro kwa njia ya kusimamia hizi rauta, dawa ikatoka haraka lakini watu hawakusasisha na walikuwa wameacha mlango wazi kwa dunia nzima, rauta kwa maelfu na maelfu zikaingiliwa. Kifaa ni kizuri, mwenye kukiacha wazi ndio shida.

Halafu paswedi. Jina la waifai ni lile lile moja kwa ploti yote, lakini kila chumba kina paswedi yake, na ukiingia na paswedi ya namba 5 unajikuta ndani ya kamtandao ka namba 5 peke yake. Simu yako na TV yako zinaonana, za jirani huzioni, ni kama hayuko duniani. Kwa hivyo yule konda wetu wa uongo bado anaweza kupiga kelele kwamba rauta ni yeye, lakini wanaomsikia ni simu yake na TV yake. Ajikabe mwenyewe.

Kuna kitu hapo sikuwa najua na kilinishtua. Kwa ile paswedi moja ya watu wote, hii aina ya ulinzi wa waifai inaitwa WPA2 tunayotumia wengi, jirani anayeijua akinasa ile dakika simu yako inaingia kwa mtandao anaweza kufungua mawasiliano yako ya waifai, kwa sababu ufunguo wako unapikwa kutokana na hiyo paswedi na vitu vinavyopita hewani wazi. Yaani paswedi ilikuwa inatuficha kutoka kwa mpita njia, sio kutoka kwa jirani. WPA3 iliyokuja 2018 inaziba hilo, lakini nusu ya simu hapa ni za zamani haziijui, kwa hivyo fundi akaona kila chumba na siri yake inatosha, jirani hajui yako basi hana cha kupikia.

Zile kebo sita za ukutani zinapita kwa swichi ya mtumba ya matundu 24, kile kisanduku cha kuunganisha kebo za mtandao, na imeambiwa kwamba anayeruhusiwa kugawa anwani ni tundu moja tu, lile la rauta, mtu mwingine yeyote akijibu jibu linatupwa hapo hapo. Mzee akarudishiwa rauta yake na kitambaa chake. Fundi alimwambia achomeke tena makusudi kwa lile tundu baya, tukasubiri, hakuna chumba kililalamika, mzee akafurahi akasema sasa angalau haiharibu watu. Hii ndio sehemu nilipenda kuliko yote, alijaribu mbele yangu kwa kufanya kosa lenyewe.

Mwendo nao umegawanywa. Kila chumba kina fungu lake la uhakika na watu wakiwa hawatumii unakopeshwa la wengine, wakirudi unalirudisha. Hiyo sina mengi, inafanya kazi.

Sasa bahasha. Nilimuuliza paswedi kuu ya rauta atakaa nayo nani, nikidhani atasema yeye, maana yule wa kwanza alikuwa ameondoka nayo kichwani na hapo mwanzo ilibidi ile rauta ya zamani ifutwe ianze upya. Huyu akasema mimi sitaki, nikiwa nayo na kitu kikiharibika mtaniuliza. Na wewe peke yako pia usiwe nayo, ukipoteza simu ama ukigombana na familia itakuwaje. Akaitisha bahasha tatu. Akatunga paswedi ya herufi 24, akaikata vipande vitatu vya herufi nane nane, tuseme cha kwanza, cha pili na cha tatu. Bahasha ya mama ina cha kwanza na cha pili. Yangu ina cha pili na cha tatu. Ya ndugu yangu aliye Busia ina cha kwanza na cha tatu. Chukua kalamu ujaribu, watu wawili wowote wakikutana wana vipande vyote, na mtu mmoja akiwa peke yake anakosa herufi nane ambazo hawezi kukisia. Mmoja akifa, akihama, akiibiwa, wawili waliobaki wanatosha. Nikasema wewe kijana umetunga hii? Akacheka, akasema wazo la kugawa siri hivyo Adi Shamir aliliandika 1979 kwa hesabu nzuri zaidi ambayo kipande hakifichui hata herufi moja, hii ya karatasi ni ya ploti.

Nikamtega. Nikasema sawa, wewe hatukuamini, wapangaji hatuwaamini, na wapangaji je, wananiamini mimi mwenye laini? Maana rauta ni yangu, nikitaka si naweza kuona wanaandikiana nini na wapenzi wao. Akasema zamani ungeweza. 2010 kulitoka kitu kinaitwa Firesheep, kijana mmoja Mmarekani, Eric Butler, alikitoa kuonyesha watu hatari, mtu anakaa kwa mkahawa wenye waifai ya bure anabofya mara moja anaingia Facebook ya aliye meza ya pili. Makelele yalikuwa mengi, na polepole tovuti kubwa zikafunga mawasiliano yote kwa ile kufuli ndogo unayoiona kwa anwani, na tangu shirika la Let's Encrypt lianze kutoa bure vyeti vya hiyo kufuli mwishoni mwa 2015 hata tovuti ndogo za kijijini zinajifunga. Kwa hivyo mimi mwenye rauta naweza kuona mtu ameenda kwa tovuti gani, sio amefanya nini ndani. Nikasikia nafuu, sijui kwa nini, kwani nilikuwa na mpango wa kusoma?

Akaongeza kwamba hata huko juu wakubwa wana shida yetu ile ile. Februari 2008 Pakistan iliamuru YouTube izuiwe nchini mwao, kampuni yao ya simu ikatangaza njia ya uongo ya kwenda YouTube, na tangazo likavuja nje, mitandao mingine ikaamini kwa sababu nayo inaamini anayetangaza, kwa karibu masaa mawili sehemu kubwa ya dunia ikakosa YouTube. Mzee wa namba 9 na rauta yake, lakini wa nchi nzima. Siku hizi wanaweka sahihi za kuthibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani zipi, na bado si wote wamejiunga.

Haya, malalamiko, maana nyota ya tano haikupotea kwa kuchelewa peke yake. Vumbi la kuchimba ukuta aliacha hapo, nilifagia mwenyewe. Hakuandika popote kitu gani kiko wapi hadi nilipomlazimisha, na karatasi aliyoandika ina mwandiko wa daktari. Na kubwa zaidi, mama wa namba 4 anaprinti kazi za wanafunzi, walikuwa wanatuma moja kwa moja kutoka vyumbani mwao hadi printa yake, na baada ya huu mpango printa yake ikapotea machoni pa watu wote. Wiki nzima hakupata kazi. Alinijia asubuhi na leso kiunoni, nikajua nimeisha. Fundi alirudi akafungua kanjia kadogo, vyumba vingine viifikie hiyo printa peke yake na kwa kazi ya kuprinti tu, lakini akanitoza 500, na mimi nasema alipaswa kuuliza watu wanatumianaje kabla ya kuwatenganisha. Ukifunga milango yote kuna mtu anauza maandazi kwa mojawapo. Pia hakuna ulinzi wa mtu aliye na nyundo, ile kabati ina kufuli lakini ni ya bati, anayeifungua na kubonyeza kile kitufe cha kuanza upya anaanza upya kila kitu. Hilo alinieleza wazi mwenyewe, nampa heshima.

Miezi mitano sasa. Namba 14 alitoroka usiku na deni, asubuhi nilienda na kebo na mama na bahasha zetu mbili, nikafuta paswedi ya chumba kimoja, wengine 15 hawakujua kitu kimetokea. Steji wamehamia ukuta wa jirani.

Kijana wa namba 11 nilimwendea na soda ya lita moja, nikamwomba msamaha mbele ya mama wa namba 4 vile vile nilivyomkosea mbele yake, nikamwambia ilikuwa rauta ya mzee, pole sana. Akapokea kwa mikono miwili. Mama wa namba 4 alipoingia ndani, kijana akaniambia, "Anti, ya mchana kweli haikuwa mimi," akakwaruza kibandiko cha chupa kwa kidole. "Ile ya jioni ndio ilikuwa yangu. Lakini siku hizi haishiki."

Nilirudi na soda yangu? Hapana, nilimwachia. Kodi yake ya mwezi huu aliileta tarehe 1.

Bahasha ya mama iko ndani ya Biblia yake, katikati ya Zaburi, na kila mgeni akija anamwonyesha ilipo.